Msalaba wa Chaki Barazani

Mwanangu wa pili ameamua kujitengenezea kompyuta. Si kununua, kutengeneza. Kasha lake analitaka lifanane na uwanja wa mpira: majani ya kijani chini, taa ndogo kwenye pembe zote kama usiku wa mechi, na kioo ubavuni ili watu waone feni zikizunguka. Wiki nzima meza yetu ya kulia imejaa rula, gundi na vipande vya waya, nami nimevumilia, maana nimelea wavulana na najua kula nikiwa nimepakata sahani. Lakini jana niliingia na sinia la chai nikakuta amekata boksi gumu la kujaribia, amelilaza wazi mezani kabla ya kulikunja. Kitako kilikuwa katikati, na kuta zote nne zimelala huku na huku. Nikasimama mlangoni. Sikusogea mpaka mtoto akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimwambia siumwi. Nilimwomba tu alikunje, tena alikunje sasa hivi. Alilikunja huku akinitazama kwa jicho la kunishuku, jicho ninalolijua vizuri kwa sababu ni langu, amelirithi kwangu.

Sisi tuliokulia Likasi, Katanga ya Kongo, katika miaka ile ya kuvunjika kwa kila kitu tunatambuana kwa jicho hilo. Ukimwona mtu wa umri wangu ambaye hawezi kukaa mpaka aupate mlango mbele yake, muulize kwao wapi. Tulikuwa watoto wa shule zilizofungwa, wa mishahara isiyofika, wa bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku, na wa watu wazima walionyamaza ghafla ukiingia chumbani. Mtu mzima akinyamaza, mtoto anajijazia mwenyewe. Mimi nilijijazia vibaya sana, lakini mpaka leo nasema nilikuwa na sababu zangu.

Baba alikuwa Msanga, mwenyeji wa palepale, fundi wa mabati katika kiwanda cha Shituru. Kazi yake ilikuwa kukata na kukunja bati la matangi na la mabomba makubwa, na ngozi ya mikono yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba alishika kaa jekundu la mbabula, lile jiko letu la makaa, akawashia sigara bila haraka. Maneno hakuwa nayo mengi. Mama alikuwa Muluba wa Kasai, ingawa Kasai yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Alizaliwa Likasi, akasoma kwa masista Likasi, akaolewa Likasi. Alipiga chapa katika ofisi moja mjini, na walipoletewa kompyuta yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuizoea. Alijivunia vidole vyake. Hata akikwangua ukoko wa sufuria alivikunja vidole viwili vya mwisho visichubuke.

Halafu watu wa Kasai wakaacha kuwa watu. Sijui kulisema kwa upole zaidi. Kwenye foleni ya maji, sokoni, mpaka kwenye ngazi za kanisa, waliitwa bilulu, yaani wadudu, na mdudu kazi yake ni kufukuzwa nyumbani. Vijana waliofunga vitambaa kichwani walipita lupangu kwa lupangu, ua kwa ua, wakitaja nani aondoke. Ukutani walichora msalaba wa shaba, ule wa kale wa nchi yetu wenye mikono minne, na kila mahali walipouchora tulijua ni nani hatakiwi hapo. Familia nzima nzima zilihamia stesheni kusubiri treni ya kwenda Kasai. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa huko na watoto wake, wanalala chini ya turubai kando ya reli. Mama aliwapelekea sombe, majani ya muhogo, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na akirudi hakusema ameona nini. Tulijua zamu yake itafika. Kilichonila mimi kilikuwa kitu kimoja tu: siku hiyo Baba ataenda nasi, au atatuacha? Au, vibaya zaidi, atamwacha Mama peke yake apande, na mimi na mdogo wangu tubaki tukimpungia mkono?

Tantine, dada yake Baba, alikuwa na jibu lake tayari. Alikuja baada ya misa, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya Baba, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo watu wazima wanadhani watoto hawaisikii. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nikichambua mchele ambao nilikuwa nimekwisha kuuchambua.

“Kaka, sikia minye. Ule mwanamuke aende na bantu yake, pole pole, bila kelele. Batoto ni bako. Batoto babakie hapa.”

Nilimsubiri Baba amfukuze. Nilisubiri hata akohoe. Alizungusha sigara yake katikati ya vidole, akaitazama.

“Niache mbele nimalize kazi,” alisema.

“Kazi gani? Kiwanda kimelala.”

“Iko kazi.”

Nililigeuza jibu hilo huku na huku, sikuona hapana ndani yake. Kuanzia hapo nikawa polisi wa baba yangu. Nilijua anatoka saa gani, anarudi na nini mfukoni, anasema nini usingizini, na ninawaambia, mtoto anayeshuku hachoki.

Cha kwanza nilichogundua ni kwamba mashini ya Mama imetoweka. Ofisi yao ilikuwa imeporwa, kisha ikafungwa, na wakubwa waliokuwa wakiondoka waligawia wafanyakazi vilivyosalia badala ya mshahara. Mmoja alipata viti, mwingine feni, Mama akapata kompyuta. Waporaji walikuwa wamelipiga teke kasha lake likabonyea kabisa, kona zimepasuka, lakini moyo wake ndani ulikuwa mzima, kioo nacho kizima. Mama aliileta imefungwa kwenye shuka kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaisukuma chini ya kitanda, akatukataza kuigusa. Alisema siku moja ataandikia watu barua za kazi na tutakula kwa mashini hiyo. Sasa chini ya kitanda palikuwa na vumbi tu na alama ya mraba ambapo vumbi halikufika. Mama naye alipaona. Nilimwona amepiga magoti, mkono wake umelala juu ya ile alama, na hakumuuliza Baba kitu. Hilo liliniogopesha kuliko kelele. Mke asipouliza, amekwisha kujijibu.

Kisha Baba akapanda darini akashusha tangi la maji moto la bafu. Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni, ya zamani, na tangi hilo lilikuwa la shaba nene ambayo haikupasha maji tangu umeme uanze kuja ukipenda. Alilipasua kwenye mshono, akalifungua, akawa analiweka juu ya makaa sehemu kwa sehemu mpaka linakuwa jekundu, halafu analizamisha ndani ya beseni. Shaba ikichomwa hivyo inalainika, inakubali kukunjwa. Mimi nilichojua ni harufu yake, chungu chungu, ukifungua mdomo unaionja ulimini kama umelamba betri. Iliingia kwenye nguo, kwenye bukari, kwenye nywele za Mama. Baba aliligonga bati na nyundo ya mti mpaka likalala sawasawa, zuri, jekundu kama udongo wetu ukinyeshewa. Nikajiuliza anamtengenezea nani.

Jumamosi moja nilitoka kufagia baraza nikamkuta amepiga magoti kwenye saruji. Alikuwa na uzi aliouchovya kwenye unga wa makaa, anauvuta, anaubana, anaupiga, tap, unaacha mstari ulionyooka. Kisha anapita juu yake na chaki. Nilisubiri aondoke ndipo nikasogea. Kulikuwa na msalaba pale chini. Mkubwa, unanitosha mimi nikilala na mikono yangu nimeinyoosha, na katikati yake pana.

“Béa, hapana kukanyaga pale,” alisema kwa nyuma yangu. “Muzunguke.”

Mafundi wa mabati, nimekuja kujua, hawachori vitu vyao kwa udogo kwenye karatasi. Wanavichora chini kwa ukubwa wake wenyewe, vikiwa vimefunguka vyote, kisha wanakata bati kwa kufuata sakafu. Na mchoro wa fundi haukanyagwi. Kiwandani hata mkubwa mwenye haraka zake anauzunguka. Baba alileta adabu ya kazini nyumbani, basi, hakuwa na namna nyingine. Lakini mimi nilimwona baba yangu amepiga magoti mbele ya msalaba uleule wa ukutani, halafu ananikataza kuukanyaga. Ningeelewa nini? Nilikwenda nikamwaga maji ya vyombo juu yake, nikasema nimeteleza. Siku ya pili mistari ilikuwa imerudi, safari hii ameikwaruza kwa msumari.

Na mmesikia aliniitaje. Jina langu ni Kapinga, jina la Kasai la mama yake Mama, na Béatrice lilikuwa la padri na la daftari la shule tu. Wiki hiyo Baba aliamua kuwa Kapinga lisitamkwe tena, si ndani wala nje. Mdogo wangu alipolisahau akapigwa kofi, kofi la kwanza kwa Baba kumpiga mtu humo ndani. Nilijiambia ameanza na jina. Anamtoa Mama nyumbani kipande kwa kipande, kwanza mashini yake, sasa jina la mama yake. Nilimchukia. Nalisema hivi hivi, maana ndivyo ilivyokuwa: nilikaa mezani na baba yangu, nikachovya bukari yangu kwenye sombe moja naye, huku namchukia.

Kilichonimaliza kabisa ni kitambaa. Mama alikuwa na kitambaa cha rafia alichoachiwa na bibi, kitu cha pekee cha Kasai alichokuwa nacho, kimefumwa mistari inayokatizana mpaka inazaa mraba ndani ya mraba iliyosimama kwa pembe. Kilikaa chini kabisa ya sanduku, na sisi tulionyeshwa Krismasi tu. Nilimwona Baba akikitoa. Alikikunja, akakitia ndani ya shati, akatoka nacho nyuma ya nyumba, na kwa muda mrefu nikasikia msumari unagongwa, unagongwa, taratibu, kama mtu anayehesabu. Niliwaza anakitoboa. Niliwaza kuna dawa inayofanywa hivyo kwa mtu unayetaka aondoke na asirudi. Jioni kitambaa kilikuwa kimerudi sandukuni, kizima, hakina tundu hata moja, na hilo nalo nikaliona ni ujanja.

Walikuja Jumapili alasiri. Mama alikuwa jikoni, mdogo wangu amelala. Baba alikuwa barazani amekwisha kulikata bati, amelilaza juu ya mchoro wake na linauziba barabara, msalaba wa shaba unaong'aa, mikono yake miwili imetobolewa vitundu vidogo vidogo. Aliyewaongoza alikuwa Deo, mtoto wa jirani, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akija kwetu kuomba Mama amsaidie Kifaransa cha mtihani. Sasa alikuwa na kitambaa kichwani na hakusalimu.

“Papa, tunasikia muko na bintu ya biro, ya ofisi ya mama, humu ndani.”

“Ingia uangalie,” alisema Baba.

“Na ule mama wa kule? Anaenda lini?”

“Treni ikikuya.”

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa habari za mvua. Deo alinyanyua mguu aingie, ndipo akaona kilichokuwa sakafuni. Akaurudisha mguu wake, akakizunguka, akainama. Wenzake wakaja nao. Mmoja akapitisha kidole kwenye vile vitundu, akasema mapambo hayo ni mazuri. Deo aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa tena wa yule mvulana wa Kifaransa.

“Eh, Papa. Hii njo kazi unatufanyia?”

Baba alimtazama. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeng'ata mkono wangu. Kusema hapana kulikuwa ni neno moja.

“Haiyaisha,” alisema Baba.

“Papa weye ni muntu wetu,” Deo akamwambia, akamshika bega. Akawageukia wenzake: “Twende. Hapa ni kwetu.” Wakatoka kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita pembeni ya bati bila kulikanyaga.

Basi, nikajua. Yote niliyokuwa nimeyakusanya yalisimama mahali pake. Nilisikia kisu kinawekwa chini jikoni, kisha Mama akatokea. Alikuwa amesikia kila neno. Mikono yake ilikuwa na maji na hakuifuta.

“Weye uko pamoja nabo,” alisema. Hakuwa akiuliza.

Baba alikwenda kwenye lango, akahakikisha wale vijana wamekata kona, akarudi. Alichukua kipande cha mbao na nyundo ya mti. Aliweka mbao kwenye mstari ambapo mkono wa kwanza wa msalaba unaanza, akaikandamiza kwa goti, akaunyanyua ule mkono mpaka ukasimama. Akaugonga kidogo ukanyooka. Akahamia mkono wa pili. Sijawahi kuona kitu kikigeuka mbele ya macho yangu namna ile. Mkono wa tatu ulipoinuka msalaba ulikuwa haupo tena, na wa nne ulipokutana na wenzake kwenye kona palikuwa na sanduku la safari, tunaloliita kantini, kama wanalobeba watu wote, ila la shaba. Baba akapanda darini, pale tangi lilipokuwa, akarudi na shuka la Mama. Ndani yake kulikuwa na moyo wa mashini, umekwisha kufungwa kwenye kibao, nyaya zimesukwa vizuri. Akaiteremsha sandukuni. Iliingia bila kugusa ukuta.

“Kioo kitalala hapa, vidole vyako vitapigia hapa,” alisema. “Ukifunga kifuniko, ni kantini ya nguo. Nitaipaka masizi na rangi ya zamani. Ku njia hakuna muntu atajua.”

Mama hakuwa akitazama ndani. Alikuwa amechuchumaa ubavuni, kidole chake kinafuata vile vitundu vya kupitisha hewa. Jua la alasiri lilikuwa likipenya kutoka upande wa pili, na pale kwenye ukuta wa shaba, nukta kwa nukta, palikuwa na mraba ndani ya mraba iliyosimama kwa pembe. Kitambaa cha bibi. Mwenzake Deo alikuwa amekisifia.

“Minye nilizani uliuzisha mashini yangu,” alisema Mama, na hapo akalia. Alilia kwa hasira, akampiga Baba kifuani kwa ile mikono yenye maji, akamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini anamwacha akeshe usiku kucha akihesabu ni siku ipi atafukuzwa na mume wake mwenyewe. Baba akasema batoto banasema mambo mu njia, na hata ukuta wa nyumba ile ulikuwa na masikio ya Tantine. Ni kweli. Ningejua, ningesema. Lakini nilikuwa bado na swali langu, na sikuona ndani ya sanduku lile mahali lilipojibiwa. Mwanamume anaweza kumtengenezea mke wake zawadi nzuri ya kumuaga.

Nafikiri Mama aliwaza hivyohivyo, kwa sababu alifuta uso, akashika sanduku kwa kingo zake, akajaribu kulinyanyua. Halikutoka chini.

“Iko muzito sana. Minye na batoto babili, tutaibeba namna gani mupaka ku gare ya treni?”

Baba alichukua mabomba mawili membamba yaliyobaki kutoka kwenye tangi, akayapinda kila moja kwa goti lake, akapigilia la kwanza ubavu wa kushoto. Kisha akazunguka, kwa utaratibu wake uleule wa kuudhi, akapigilia la pili ubavu wa kulia. Mishiko miwili, iliyo mbali kiasi kwamba hakuna mikono ya mtu mmoja duniani inayoweza kuifikia yote.

“Muntu moya hataweza kuibeba,” alisema. “Njo vile nilipima.”

Mama aliushika mshiko mmoja, akautazama ule wa upande wa pili. Nami nilitoka nyuma ya mlango, sikujali tena kuonekana.

“Kule Kasai,” alisema Mama polepole, “weye njo batakuita kilulu.”

“Bataniita,” alisema Baba, akainama kushika upande wake.